Mlimani Beba Matobolwa, Michembe Iache Nyumbani

(Mazungumzo na kikundi cha wapanda milima, Arusha)

Mwenyekiti, viongozi wa kikundi, wadogo zangu na wanangu: shikamooni mlionizidi umri, na ninyi vijana marahaba hata kabla hamjanisalimia, maana naona mmeshaanza kuchungulia hizi trei mezani.

Nimeombwa nizungumze juu ya kukausha chakula nyumbani kwa ajili ya safari za milimani, zile ambazo mtu hubeba shanta lake mwenyewe mgongoni. Mwaliko ulisema nije kufundisha “teknolojia mpya”. Mimi ni mwana wa Shinyanga niliyeolewa huku Meru, na hiyo teknolojia mpya nimeikuta kwa bibi zangu. Kilichoongezeka ni feni na umeme.

Usukumani na Unyamwezini viazi vitamu vikivunwa huwa vingi kuliko midomo ya kuvila, kwa hiyo hukaushwa. Njia ni mbili. Ya kwanza, unavimenya, unavikata vipande na kuvianika vikiwa vibichi. Hiyo ni michembe. Ya pili, unavichemsha kwanza mpaka viive, ndipo unavikata na kuvianika. Hayo ni matobolwa. Kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Ila michembe huwezi kuila mpaka uibandike jikoni, na wengi huipika na karanga. Matobolwa yalishaiva siku yalipoanikwa. Mchungaji anayatia mfukoni asubuhi na kuyatafuna njiani, na akipata maji ya moto anayaloweka yakalainika.

Basi nikiona mpanda mlima amejaza mchele, maharage makavu na unga kwenye shanta lake, huku akijisifu kwamba amebeba vyakula vikavu, najisemea moyoni: huyu kabeba michembe. Vikavu ni kweli, na vyepesi kiasi, lakini havijaiva. Kazi yote ya kuvipika bado inamsubiri kule juu, na kule juu ndiko mahali pabaya kuliko pote pa kupikia.

Wengi wenu mnaujua Mlima Meru. Geti la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza unalala Miriakamba, mita 2,514, siku ya pili Saddle, mita 3,570, halafu usiku wa manane unaamka kuelekea kileleni. Hapa Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, maji yanachemka yakifika kama nyuzi joto 95 za Selsiasi. Kila unapopanda mita 300, kiwango hicho kinashuka kwa nyuzi moja au karibu na hapo. Pale Saddle sufuria inatokota kwa mbwembwe zote, mvuke umejaa kibanda kizima, na maji yako yana nyuzi 88 tu. Waliolala Kibo Hut upande wa Kilimanjaro, mita 4,720, wao walikuwa na nyuzi kama 84. Ukiongeza moto unaongeza mvuke tu, joto halipandi hata kidogo. Hewa ni nyepesi, nayo ndiyo inayoamua.

Sasa bandika maharage makavu hapo. Mtungi wa gesi utaisha na maharage bado yanagonga meno. Na si suala la meno peke yake. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayomfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Ili kuivunja, maharage yanatakiwa kuloweshwa, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali, na moto wa chini usiofikia mchemko unaweza hata kuizidisha nguvu. Mtu aliyetapika usiku kucha pale Saddle hafiki kileleni, na kiongozi wake atahangaika asijue kama ni ugonjwa wa mwinuko au ni maharage.

Kwa hiyo pika nyumbani, kwenye sufuria ya presha ukiwa nayo, mpaka yaive kabisa. Kausha. Mlimani kazi yako iwe moja tu, kuyarudishia maji.

Mtanisikia nikiisema gesi mara nyingi, na ninayo sababu. Watu hudhani tunakausha ili kupunguza uzito wa chakula. Kwa nyanya, kabichi au nyama ni kweli. Lakini chukueni wali. Mchele mkavu na wali uliopikwa kisha ukakaushwa uzito wake ni uleule. Hujapunguza hata gramu moja. Ila mchele unataka dakika ishirini za moto na zaidi, tena huko juu huenda ukatoka na kiini. Wali uliokaushwa unataka maji yaliyochemka mara moja, kifuniko, na dakika kumi na tano za kusubiri moto ukiwa umezimwa. Uzito ulioupunguza ni wa mtungi wa pili wa gesi.

Na kuna mahali ambapo haya yote hayana faida, afadhali niseme mapema. Chakula kikavu kinafaa penye maji. Ukipanda Ol Doinyo Lengai, mlima hauna maji ya kunywa, kila tone unalibeba kutoka chini. Hapo ukikausha mchuzi nyumbani halafu ukabeba na maji ya kuulowekea, umejizungusha bure, mzigo ni uleule na kazi imeongezeka. Kwa Lengai beba chapati, mayai ya kuchemsha na tende, panda usiku, shuka, nenda kalale.

Tuje kwenye ukaushaji wenyewe. Bakteria na kuvu wanahitaji maji ili waishi. Ukiyaondoa hawafi wote. Wengi wanalala tu, wakisubiri maji yarudi. Hilo likumbukeni, maana nitalirudia kwenye nyama. Tunachohitaji ni joto la wastani na hewa inayotembea, na kati ya hivyo viwili hewa ndiyo inayodharauliwa. Matunda na vyakula vilivyokwisha kupikwa navikausha kwenye nyuzi 57 hivi, mboga za majani 52. Ukiwa na haraka ukapandisha mpaka 80, sehemu ya nje inaganda na kuwa gamba, na unyevu unafungiwa ndani. Ukikigusa unakiona kikavu, unakitia kwenye chupa, na baada ya wiki mbili kina ukungu.

Jua? Jua ni zuri kwa mwenye jua. Dodoma, Singida na Shinyanga wakati wa kiangazi hewa ni kavu na upepo upo, ndiyo maana mboga za majani kama mlenda na nsansa hukaushwa huko bila kumwomba mtu ruhusa. Arusha mwezi wa Juni na Julai mnaijua wenyewe, wiki nzima ni mawingu na baridi. Wa Tanga na Dar es Salaam jua wanalo, ila hewa yao imejaa unyevu. Nyanya iliyoanikwa asubuhi, ikifika usiku inayanywa maji tena. Mwenye kuanika aanike kwenye wavu ulioinuliwa kutoka chini ili hewa ipite pande zote, afunike kwa chandarua kwa sababu ya nzi, na mboga za majani aziweke kivulini, maana jua kali linaharibu vitamini A. Nyama na mchuzi wenye nyama msivianike juani. Joto halitoshi, nzi wanatosha.

Oveni inafaa kama inashuka chini vya kutosha. Nyingi haziendi chini ya 70 au 80, basi unaacha mlango wazi kidogo kwa kuupachika mwiko, unaelekeza feni pale, na unakaa karibu. Mashine ya kukaushia ndiyo inayokupa usingizi. Hii ndogo niliyokuja nayo ni ya wati 500. Ikifanya kazi saa nane mfululizo inakula uniti nne za LUKU, na kwa kawaida ni chini ya hapo, kwa kuwa inajizima na kujiwasha kufuata joto. Kabla hujanunua angalia feni iko wapi. Ikiwa nyuma, trei zote zinakauka sawasawa. Ikiwa chini, itabidi uzibadilishe badilishe, la sivyo ya chini inaungua na ya juu inaoza.

Mboga sitazikalia sana, akina mama hapa wananizidi. Karoti, maharage mabichi, sukuma, kunde: zichovye kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, zitoe uzitie kwenye maji baridi, zikamue, ndipo zipande kwenye trei. Usipofanya hivyo vimeng'enya vinaendelea na kazi yake hata zikiwa kavu, rangi inafifia na ladha inakuwa ya nyasi. Nyanya hazihitaji kuchovywa. Zikate bapa au uzisage, uzipike zikawa nzito, uzipake kwenye karatasi ya kuokea. Sehemu kubwa ya nyanya ni maji, takribani asilimia 94, kwa hiyo kilo nzima inabaki gramu sitini au sabini. Mboga iliyokauka sawasawa inavunjika ukiiminya kwa vidole. Ikijikunja, irudi ndani.

Matunda ni rahisi zaidi, na watoto watawasaidia. Embe, nanasi, papai, ndizi mbivu iliyochovywa kwenye maji ya limao isiwe nyeusi. Matunda hayakauki mpaka yavunjike. Yanabaki laini ya kujikunja, na bado yana unyevu kiasi cha asilimia ishirini. Kwa sababu hiyo yasifungiwe moja kwa moja. Yatie kwenye chupa ya kioo isiyojaa, yafunike, uyatikise kila siku kwa muda wa wiki moja ili vipande vigawane unyevu. Ukiona hata tone moja kwenye ukuta wa chupa, yarudishe kwenye mashine.

Sasa nyama. Hapa naomba simu zishuke.

Nunua nyama isiyo na mafuta, na mwambie mwenye bucha aisage mbele ya macho yako. Mafuta hayakauki. Maji yanaondoka, mafuta yanabaki, na yakikutana na hewa yanachacha. Ile harufu ya karanga za zamani unayoisikia kwenye chakula kilichokaa ni mafuta yaliyochacha. Ukishaikaanga nyama ya kusaga bila kuongeza mafuta, imwage kwenye chujio, umwagie maji ya moto, uone kinachotoka. Halafu ichanganye na chenga za mkate mkavu kabla ya kuikausha, kama kikombe kimoja kwa kilo. Nyama tupu ikikauka inakuwa kokoto, na kokoto hailoweki hata ukiiombea dua. Chenga za mkate zinashikana na nyama na kuyavuta maji yaingie ndani. Kilo moja ya nyama mbichi isiyo na mafuta, ukiiacha bila mkate, inabaki robo kilo na ushee.

Niliahidi kuwarudia bakteria. Nyama lazima iive kwanza, ifike nyuzi 71 ndani, na kuku 74, kabla haijaingia kwenye mashine. Watu huniuliza, kwani mashine si ina joto? Inalo, lakini nyama mbichi ikiwa na maji, mvuke unaotoka unaipoza, kwa hiyo yenyewe haifikii joto la mashine mpaka iwe imeshaanza kukauka. Na bakteria aliyekaushwa polepole ni mgumu kuuawa kwa joto kuliko yule aliye kwenye maji. Unakuwa umemfundisha kuvumilia. Basi muue kwanza akiwa kwenye maji, ndipo umkaushe.

Najua mtasema wenzetu wa Isiolo na Marsabit, Wasomali na Waborana, wana nyirinyiri, inakaa muda mrefu na imejaa samli. Ni kweli, nami naipenda mno. Lakini angalieni inavyofanywa. Nyama inakatwa vipande vidogo, inakaushwa, kisha inakaangwa na kuzamishwa ndani ya samli ili hewa isiifikie. Mafuta yale ni kifuniko, na maji yamekwisha kuondolewa. Ni ufundi mwingine kabisa, wenye mafundi wake, msiuchanganye na huu wa trei.

Kuku ana kasoro moja, akikauka anakuwa mpira. Kuku wa sufuria ya presha aliyechambuliwa nyuzi nyuzi anajitahidi. Jodari wa kopo aliyehifadhiwa kwenye maji, si kwenye mafuta, anakauka vizuri na analoweka haraka, ila nyumba itanuka siku mbili. Dagaa wa Mwanza wao wameshakaushwa. Watoe vichwa, waoshe mchanga uishe, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike, kisha uwasage. Kijiko kimoja kinageuza wali mtupu kuwa chakula. Mayai msikaushe nyumbani kabisa, hatari yake ni kubwa kuliko faida. Maziwa nunueni ya unga, viwanda vinayafanya vizuri kuliko sisi.

Nije kwenye kile ambacho naamini ndicho kilichoniletea mwaliko huu: mtori. Wachaga na Wameru watagombana ni wa nani, mimi ni mgeni, nanyamaza. Ila nawaambia kwamba katika vyakula vyetu vyote, sijaona kinachokubali kukaushwa kuliko mtori, na sababu iko wazi: umeshapondwa. Kipande kikubwa kinalowa nje na kubaki kigumu ndani, lakini unga unalowa wote kwa pamoja.

Ninafanya hivi. Ndizi mshare mbichi, zimenywe na kuchemshwa pamoja na nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, kitunguu, karoti na chumvi, mpaka nyama ilegee. Ukipoa kidogo, engua mafuta yote yaliyoelea juu. Mwenye subira aache sufuria kwenye friji usiku kucha, asubuhi mafuta yameganda juu anayabandua kwa kijiko. Siagi na maziwa ambayo mama mkwe angetia, usitie sasa. Saga vyote kwenye blenda mpaka viwe uji mzito, paka kwenye karatasi ya kuokea, unene usizidi milimita tatu au nne, na pembeni pawe panene kidogo kuliko katikati, kwa kuwa katikati hukauka mwisho. Nyuzi 57 mpaka 60, saa nane hivi. Ukaushaji ukifika katikati pindua upande wa pili, ubandue karatasi. Ukimaliza unakuta kigae kinachovunjika kwa mkono. Kivunje, kisage tena kiwe unga wa chengachenga.

Kule mlimani, gramu 120 za unga huo kwa mtu mmoja, maji ya moto nusu lita kasoro kidogo, koroga, funika, vingirisha sufuria kwenye sweta, ngoja dakika kumi na tano. Ndipo unarudisha kile ulichokiondoa: kijiko kizima cha samli, na maziwa ya unga. Hapa ndipo penye siri ya chakula hiki chote. Mafuta tunayafukuza nyumbani kwa sababu yanaharibu chakula kwenye hifadhi, siyo kwa sababu hatuyataki. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga au protini ina nne. Hakuna chakula chepesi zaidi kwa nguvu zake. Kwa hiyo yabebwe peke yake, kwenye chupa ndogo iliyofungwa barabara, pamoja na siagi ya karanga na tui la nazi la unga. Anayefuata ushauri wangu nusu, akaondoa mafuta asiyarudishe, atashuka mlima akiwa na njaa na atanilaumu.

Viazi mviringo vinafuata njia hiyohiyo ya mtori. Ugali pia: upike, upake mwembamba, ukauke, usagwe, na ukitiwa maji ya moto unarudi kuwa kitu cha heshima, ingawa babu zenu wasingeuita ugali. Maharage yapikwe mpaka yapasuke, kwa kuwa yaliyopasuka yanalowa haraka zaidi. Tambi zinakubali. Pilau inakataa kama ilivyo, mafuta yake ni mengi. Kausha wali mweupe, kausha nyama, beba viungo vilivyosagwa na mafuta, ukavikutanishe juu. Parachichi sahau.

Kuhusu karanga nitasema kwa uzito, maana kila mtu anazibeba. Chakula kilichokaushwa vibaya hakileti ukungu wa kuonekana tu. Kuna sumukuvu, ambayo hukaa kwenye mahindi na karanga vilivyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilichukua maisha ya watu Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004, zaidi maeneo ya Makueni na Kitui, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 wakafariki. Kupika hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupwe. Msiikaange mkidhani moto utasafisha. Na chakula chenu chochote kikikutwa na ukungu upande mmoja, tupeni mfuko wote.

Kwa mtu mmoja nahesabu gramu 600 mpaka 800 za chakula kikavu kwa siku, pamoja na mafuta na vitafunwa. Mwembamba anayetembea haraka anakula zaidi ya mnene anayetembea polepole, mtapimana wenyewe. Ila kumbukeni kwamba juu ya mita 3,000 hamu ya kula inapungua kwa wengi, na nyama nyingi inakuwa karaha. Usiku wa kileleni, mnapoamshwa saa saba au saa nane, hakuna anayetaka mtori. Hapo ni uji mwepesi wenye sukari, unga wake uwe umeshaivishwa na kukaushwa nyumbani, na embe kavu mfukoni. Maharage nayo, nawasihi, yaliwe usiku wa kwanza pale Miriakamba na si usiku wa pili. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo tumboni inatanuka, na kibanda cha Saddle mnalala wengi chumba kimoja. Sitaendelea zaidi.

Vifungashio. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku nchini, na hata ile inayoruhusiwa sipendi kuiona imepeperukia kwenye majani ya hifadhi. Mimi natumia makopo mepesi yenye vifuniko vya kuzungusha, yanarudi nyumbani na kuoshwa. Kila kopo liwe na chakula cha mlo mmoja, na juu yake karatasi: jina, tarehe, kiasi cha maji. Tarehe ni muhimu kwa sababu chakula chenye nyama nakihesabia mwezi mmoja au miwili kikiwa kabatini penye giza na ubaridi, na kama safari imeahirishwa kinaingia friza. Mboga na matunda bila nyama hukaa miezi mingi. Mkifika kambini msiache kopo wala begi wazi. Wale kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanaijua zipu kuliko watoto wenu, na panya wa vibandani hawahitaji zipu.

Kuna kijana aliniambia wakati wa chai, mama, haya yote ya nini, si tuna wapagazi? Kweli, Kilimanjaro huendi bila kiongozi, na wagumu wetu, yaani hao wapagazi, wapo, na hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Nimeona matikiti na trei za mayai zikipelekwa kambi ya Barafu, mita 4,673, kichwani mwa mtu. Tikiti ni maji. Anayetaka kulila alile Moshi.

Kabla ya safari pikeni kila kitu mara moja nyumbani, kwa jiko lilelile dogo la gesi na sufuria ileile mtakayoibeba, mpime maji na dakika. Halafu ongezeni dakika kumi kwa ajili ya Saddle, maana maji ya nyuzi 88 yanalowesha polepole kuliko haya ya hapa. Chakula kikishalowa kimekuwa kibichi kwa bakteria kama chakula kingine chochote, na wale waliolala wanaamka. Kilichobaki usiku kisiliwe asubuhi.

Nimemaliza upande wangu. Kwenye trei ya kwanza pale kuna embe na nanasi, ya pili ni nyama yenye chenga za mkate, onjeni ikiwa kavu kisha onjeni iliyolowekwa kwenye lile bakuli mlinganishe. Mtori uko kwenye chupa, vikombe viko kwa katibu. Mwenye kutaka kuazima mashine aje tuandikishane, anaweza kukaa nayo wiki mbili. Ila asinikaushie vitunguu humo ndani ya nyumba. Aitoe barazani, na trei aziloweke usiku kucha kabla ya kunirudishia, maana aliyeiazima mwisho alikausha vitunguu, na embe hizo mnazozila sasa ilibidi nizirudie mara mbili.

Maswali?